Mfa Maji Hatapatapi

Waandishi wa siasa wanaipenda sana methali ya mfa maji. Mbunge akianza kuropoka kura za maoni zinapokaribia, kesho yake utaikuta gazetini: mfa maji haachi kutapatapa. Kwa siasa sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko ufukweni, ambako wazazi wameigeuza kuwa maelezo ya kitaalamu. Wanaamini kwamba mtoto anayezama atapiga kelele, atarusha mikono, maji yatachafuka, nao waliokaa kivulini wakila mihogo watasikia na kukimbilia. Imani hiyo ni ya uongo, na inaua watoto.

Frank Pia alikuwa mwokoaji katika ufukwe wa Orchard Beach, New York. Alizichunguza filamu za watu waliokuwa wakizama kwelikweli, na alichokiona hakifanani na methali yetu. Mdomo wa anayezama huibuka juu ya maji kwa muda mfupi mno. Katika muda huo lazima atoe pumzi na kuvuta nyingine, na haibaki pumzi ya kuitia mama. Mikono haipungi. Hutandazwa pembeni na kuyakandamiza maji, kama mtu anayetaka kujiinua kwa kuegemea meza. Mwili husimama wima, miguu haipigi. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anakwenda chini. Kwa aliyeko mchangani, mtoto huyo anaonekana amesimama tu majini, kichwa amekilaza nyuma, anatazama mawingu.

Kuna watakaobisha kwamba wamewahi kumsikia mtu akiomba msaada majini. Ni kweli, wapo. Huyo alikuwa taabani lakini bado ana pumzi, na afuatwe upesi. Akichelewa kufuatwa atanyamaza, na hapo ndipo wengi husema, "Ah, kumbe alikuwa anatania."

Sasa nenda Coco Beach, Dar es Salaam, siku ya Idd Pili, au Mosi Januari. Muziki unapigwa kutoka kila upande, wapiga picha wanagombea wateja, mishikaki inafuka moshi. Hata mtoto mwenye pumzi za kupiga kelele asingesikika. Familia imekuja imejazana kwenye gari moja la Noah, na kila mtu mzima anajua watoto wameingia majini. Shangazi anadhani mjomba anawaangalia. Mjomba yuko kwenye simu, anadhani mama yao yupo. Mama anapakua pilau. Ukiuliza utajibiwa, "Tuko wengi hapa." Penye wengi hapaharibiki neno, tumefundishwa hivyo pia, lakini ufukweni ndipo panapoharibika, kwa sababu kazi ya wote haina mwenyewe. Mwisho wake kazi hiyo humwangukia dada wa miaka kumi, naye ni mtoto aliyekuja kuogelea kama wenzake.

Bahari yenyewe haisubiri wamalize kupakua. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani hii hukaribia mita 4. Siku hizo Dar es Salaam maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile ambayo familia zinashuka kwenye magari na kuwaambia watoto, "Chezeni hapo, hapo hapana maji." Ikifika saa saba mchana, palepale pamemmeza mtoto. Mvuvi wa Msasani analijua hilo bila kutazama saa. Sisi tunaotoka Tabata na Mbagala mara moja kwa mwaka hatulijui, na hatumuulizi.

Tena usinitajie tairi la kukodi. Tairi humfikisha mtoto asiyejua kuogelea kwenye kina ambacho miguu yake isingemfikisha. Upepo ukivuma kutoka bara linazidi kwenda nje, na akiponyoka katika lile tundu la katikati, chini yake hakuna mchanga wa kukanyaga.

Msiba ukitokea tunasema siku yake ilikuwa imefika. Sibishani na imani ya mtu. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo ni vya nchi za kipato cha chini na cha kati. Kama ingekuwa ni kudra tupu, isingechagua maskini kiasi hicho. Kwenye hoteli ya kitalii utamkuta mwokoaji amekaa juu ya kiti chake. Kwenye fukwe nyingi za wazi, wanakoogelea watoto wetu, utakuta anayekusanya ushuru wa maegesho. Halmashauri inayotoza gari inao wajibu wa kumlipa anayetazama maji.

Hadi ilipe, macho ni yetu. Mtoto mdogo asiwe mbali kuliko mkono wako unavyofika, hata kama maji ni ya magotini. Aliyenyamaza ghafla mwite, na asipojibu mfuate bila kungoja dalili nyingine. Kama wewe hujui kuogelea usijitose, mtakufa wawili: mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba, huku ukiita wenye mtumbwi. Akitolewa hapumui, asining'inizwe miguu juu wala kukandamizwa tumbo ili ateme maji. Apuliziwe pumzi mdomoni papo hapo, kisha akandamizwe kifua, na asiachwe hadi afike hospitali.

Sikukuu ijayo, kabla mtoto hajavua viatu, mtajeni mtu mzima mmoja kwa jina. Mpokonyeni simu, pilau lake liwekeni pembeni, na mwambieni kazi yake ni kutazama maji tu. Baada ya robo saa apokewe na mwingine, naye kwa jina.