FUNDI WA GEREZANI HADANGANYWI NA BOKSI!

Nenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Utapewa beringi ndani ya boksi lenye nembo inayong'aa. Fundi hana haja na boksi. Ataitoa beringi, ataizungusha, ataisikiliza. Anajua boksi mtu yeyote anachapisha.

Mlalahoi analijua hilo. Vigogo wa uchaguzi hawalijui, au wanajifanya?

Mwaka 1995 tulipiga kura kwa shahada isiyo na picha. Tukapiga kelele. Daftari la Kudumu lilipoanzishwa mwaka 2004, tukapewa kadi yenye picha. Mwaka 2015 zikaja mashine za BVR. Tukapanga foleni juani, tukabonyeza vidole.

Mashine ziliwanasa waliojiandikisha mara mbili, sawa. Lakini Oktoba 2015, siku ya kura, kidole chako hakikuwa na kazi. Msimamizi alitazama picha, akatafuta jina kwenye daftari, basi. Alama za vidole zilibaki kwenye kompyuta za Tume.

Na picha ni boksi, ndugu wananchi! Kwa printa ya rangi na mashine ya laminesheni, mamluki anapata kadi kabla chai haijapoa.

Jirani zetu Kenya mwaka 2017 walipeleka vituoni mashine za KIEMS. Mpiga kura aliweka kidole, jina na picha vikatokea. Hatusemi uchaguzi wao ulikuwa safi. Mahakama yao ya Juu iliufuta ule wa rais wa Agosti. Lakini mlangoni, mashine ilimtambua mtu.

Sisi tumebadilishiwa jina tu. Mwaka 2024 Tume ikaitwa Huru. Daftari lililokuwa na watu zaidi ya milioni 29 mwaka 2020 likafika zaidi ya milioni 37 mwaka 2025. Wametoka wapi wote hao? Kama ni halali, hofu ya nini kulifungua?

Tunadai mawili. Kidole kisomwe kituoni. Daftari likaguliwe jina kwa jina na vyama vyote, pamoja na wakaguzi wasiolipwa na serikali.

Msihangaike kuwakamata vijana wa stesheneri Kariakoo. Kadi feki haina thamani mahali panaposomwa kidole. Inapata thamani pale tu aliyekaa mezani anapotaka kudanganywa.

Fungueni boksi, tuione beringi!