Mtambo Huvumbuliwa Mapema, Hutumika Lini?

Watu wengi hudhani ya kuwa maendeleo ya viwanda hutegemea akili za wavumbuzi tu: akizaliwa mtu hodari, kazi huenda mbio, asipozaliwa, hukaa pale pale. Habari za nguo za pamba katika jimbo la Lancashire, Uingereza, zaonyesha vingine. Huko akili hazikuwa haba. Kilichoamua mwendo wa mambo ni mahali kazi ilipokwama, na ujira wa mtu ukilinganishwa na gharama ya mtambo.

Mwaka 1733 John Kay alipewa hati ya serikali kwa kifaa chake cha kurusha uzi wa mshindio toka upande mmoja wa nguo hata upande wa pili kwa kuvuta kamba. Kabla ya hapo nguo pana ilihitaji wafumaji wawili. Sasa mmoja alitosha. Watu walikitumia kifaa hicho, lakini wengi walikataa kumlipa mwenyewe, naye akahamia Ufaransa. Kifaa kilipoenea, shida ikahamia kwingine. Mfumaji alimaliza uzi upesi kuliko wanawake walivyoweza kuusokota majumbani, akawa hukaa akingoja. Basi faida kubwa ilimngojea yeyote awezaye kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja. James Hargreaves akaunda mtambo wake yapata mwaka 1764; Richard Arkwright akapata hati ya wake mwaka 1769, na tangu 1771 akauendesha kwa nguvu za maji huko Cromford; Samuel Crompton akaziunganisha mbinu za hao wawili mwaka 1779. Kwa muda wa miaka 15 tu kazi ya kusokota ikageuka kabisa.

Sasa uzi ukawa mwingi kuliko mikono ya kuufuma. Mwaka 1785 kasisi mmoja, Edmund Cartwright, akapata hati ya mtambo wa kufuma. Ndugu msomaji, ungetazamia ya kuwa wenye mali wangeukimbilia. Sivyo ilivyokuwa. Miaka 28 baadaye, mwaka 1813, mitambo ya namna hiyo katika Uingereza na Scotland ilikadiriwa kuwa 2,400 tu.

Sababu moja ilikuwa ya ufundi. Nyuzi za mtande hukatika zisipopakwa wanga. Mfumaji wa mkono alipaka sehemu ndogo, akaifuma, kisha akasimama apake sehemu nyingine. Mtambo usimamishwao kila mara haumshindi mtu. William Radcliffe na fundi wake Thomas Johnson walipopata, mwaka 1803 hivi, namna ya kuupaka mtande wote kabla haujatiwa katika mtambo, ndipo kizuizi hicho kilipoanza kuondoka. Majina yao hayatajwi sana, nami naona hawakutendewa haki.

Sababu ya pili yasikitisha. Siku uzi ulipokuwa tele na ujira mzuri, watu wengi mno waliingia katika kazi ya kufuma kwa mkono. Baadaye ujira ukaanguka sana. Tajiri apataye mfumaji kwa fedha kidogo, asiyemjengea kiwanda wala kumnunulia makaa, ana haraka gani ya kununua mtambo? Biashara ikilegea humwacha bila hasara. Lakini mtambo uliosimama ni fedha iliyolala. Hivyo umaskini wa mfumaji uliuchelewesha mtambo, na mtambo ulipokuja ukamzidishia umaskini. Aprili 1826 wafumaji wa Lancashire, kwa njaa na hasira, walivunja mitambo zaidi ya 1,000 kwa siku chache. Hawakuuzuia. Kufika mwaka 1833 ilikadiriwa kuwa 100,000.

Marekani mambo yalikuwa kinyume, maana wafanyakazi walikuwa wachache na ujira wao mkubwa. Francis Cabot Lowell na wenziwe waliweka usokotaji na ufumaji wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Waltham, Massachusetts, mwaka 1814. Nguo nzito za sehemu hizo, zisizotiwa rangi, zilifika Unguja kwa merikebu za Salem, na ndiyo asili ya jina la merikani tulitumialo hata leo.

Huko huko Massachusetts, mwaka 1894, ulianza kuuzwa mtambo wa James Northrop, Mwingereza aliyehamia Marekani. Uzi wa mshindio ulipokwisha, mtambo ulijitilia mwingine wenyewe, hata mtu mmoja akaweza kutunza mitambo mingi. Marekani waliupokea kwa wingi. Lancashire waliusita: mitambo yao ya zamani ilikuwa imara, tena imekwisha kulipiwa, na wafumaji wao walikuwa mafundi. Karani yeyote ajua jinsi ofisi inavyong'ang'ania mashine kuukuu ambayo bado inaandika. Hesabu yao haikuwa ya kipumbavu kwa mwaka ule. Lakini Japani, Sakichi Toyoda aliendelea kutengeneza, na mwaka 1924 akatoa mtambo wake wa kujiendesha. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, iliyokuwa imewauzia watu wa nchi nyingi mitambo ya nguo, ilinunua kwa Mjapani huyo haki ya kuunda mtambo wake.