Msindikizeni Angali Hai

Katika mtaa wetu hapa Iringa tulimzika mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa mabasi mawili na fuso moja, na msafara ule ulipokuwa ukipanda vilima vya Kilolo kwenda kijijini kwao, taa zikiwaka mchana kweupe, kila aliyekuwa kandokando ya njia alisimama na kuvua kofia yake. Kabla watu hawajatawanyika, katibu wa chama chetu cha kuzikana alisoma daftari lake mstari kwa mstari kama ilivyo desturi: jeneza, mchele, maharage, kuni, mafuta ya magari, ubani wa wafiwa, wala haikuonekana kaya iliyokosa kutoa fungu lake, kwani faini ya asiyetoa yajulikana, na aibu yake yaishinda faini. Nilikuwa nimeketi juu ya gogo pamoja na mtoto wa marehemu, kijana afanyaye kazi Mafinga. Iliposomwa hesabu ya mafuta aliinamisha kichwa akaniambia, wala si kwa lawama bali kama mtu aliyekumbuka jambo, kwamba baba yake alikwenda hospitali mara 6 katika miezi 8 ya maradhi yake, na mara zote 6 alipanda basi peke yake, maana yeye alikuwa kazini na mama miguu haimbebi.

Mabasi mawili na fuso moja, na kabla ya hapo hata mtu mmoja wa kumbebea mkoba hakupatikana! Neno hilo halijanitoka, nalo ndilo linalonifanya niwaandikie nyinyi ndugu zangu wa Iringa na Mbeya, na wa Njombe, Songwe, Rukwa, Katavi na Ruvuma, ambao njia ya hospitali imetufanya kuwa watu wa nyumba moja, tupende tusipende.

Nchi hii ya Nyanda za Juu Kusini ni pana, na tiba haikugawanywa sawasawa juu ya uso wake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, nayo hutazamiwa na mikoa yote 7 niliyoitaja; Iringa mna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Tosamaganga iko jirani na mji; na juu katika milima ya Makete iko Ikonda, hospitali ya wamisionari wa Consolata, ambayo sifa yake imewavuta watu hata wa Dar es Salaam, waliozoea joto la pwani, wakapanda kule kwenye baridi ya kung'ata meno. Atokaye Sumbawanga kuja Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 300, na baina ya Mbeya na Iringa penyewe masafa ni kama hayo. Ama yule aliyeandikiwa tiba ya mionzi akatumwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, huyo kama ni mtu wa Mbeya ana kilomita 800 na ushei mbele yake, na akifika hakai siku mbili akarudi, bali hukaa wiki kadhaa, kwa kuwa mionzi hiyo hutolewa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka kipimo kitimie. Safari hiyo humchosha mtu mzima mwenye siha yake, sembuse aliyepanda basi na maumivu yake na karatasi ya rufaa ndani ya bahasha ya kaki.

Zimetungwa sheria, na ile ya bima ya afya kwa wote ni ya mwaka 2023. Zahanati zimejengwa, na mahali pengi sasa pana kibao kinachotaka mzee apishwe kwanza. Yote hayo ni kheri, na Mungu ayazidishe. Lakini bima yaweza kulipa dawa na kitanda, isiweze kumwinua mgonjwa kwenye benchi.

Nami nisemayo haya sikuyasikia kwa watu tu. Nilipopatwa na mtoto wa jicho nilitumwa kwenda kupasuliwa katika mji usio wangu, na hospitali yenyewe sina haja ya kuitaja, kwa maana jambo hili laweza kumfika mtu popote. Nilijiona shujaa, nikajiambia kwamba jicho si moyo, nitakwenda na kurudi. Kazi ya daktari ilikwisha salama. Nikatolewa nje na pamba kubwa usoni, nikaketi. Akaja muuguzi na fomu mkononi.

“Shikamoo, mzee. Umekuja na nani?”

“Marahaba, binti yangu. Nimekuja mwenyewe.”

“Hatuwezi kukuruhusu hivyo, baba. Tafuta ndugu aje atie sahihi.”

Ndugu! Katika mji ule nilimjua mtu mmoja tu, naye nilimjua tangu asubuhi ile: kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi, akaniandikia namba yake juu ya kipande cha boksi la sigara. Nikampigia. Alikuja na kofia yake ngumu kwapani na kizibao chake cha kung'aa, akasimama mbele ya muuguzi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na alipoulizwa yeye ni nani wangu, alinitazama mimi, akaitazama fomu, akajibu bila kusita, “Mimi mjukuu wake.” Akatia sahihi. Kisha akanipeleka gesti, akaagana na mama lishe wa jirani aniletee uji, na jioni akarudi kunitia dawa ya matone, mikono yake ikinuka petroli hata baada ya kunawa kwa sabuni. Nilipomuuliza hesabu ya bosi wake siku ile itakuwaje, maana nusu ya siku ilikuwa imepotelea kwangu, aliniambia, “Bosi naye ana babu yake, ataelewa.” Sina yakini kama bosi alielewa.

Basi hebu tuitazame kazi ya msindikizaji, maana wako wadhanio kuwa ni kumtazama tu mgonjwa kwa huruma. Mgonjwa aliye peke yake hawezi hata kwenda msalani, kwa kuwa akiinuka foleni itamruka, au mkoba wake utapata mwenyewe mpya. Huambiwa aende dirisha la malipo, kisha maabara, kisha arudi kwa daktari, kisha duka la dawa, na kila pahali pana ngazi zake na benchi lake. Na mtu anayepumua kwa shida huzihesabu ngazi hizo moja moja. Halafu yako maneno ya daktari. Daktari husema upesi, kwa sababu nje ya mlango wako watu 40 wanaomngoja, na mgonjwa, kwa hofu, akisikia jina la maradhi yake masikio huziba palepale, yote yafuatayo yakapita kama upepo: dawa ipi kabla ya chakula, ipi baada ya chakula, siku gani arudi, dalili gani akiziona asingoje siku hiyo. Na bibi wa vijiji vya ndani vya Rungwe au vya Kilolo, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni tu, akiulizwa na daktari mgeni maumivu yake ni ya kuchoma au ya kukata, hujibu “ndiyo”. Msindikizaji ni sikio la pili, na kwa wengine ni ulimi wa kwanza.

Yako pia mambo ya usiku. Mgonjwa akiambiwa majibu yatatoka kesho, atalala wapi? Mwenye fedha huenda gesti. Asiye nazo hujikunyata barazani juu ya khanga, na yule aliyetoka Kyela, ambako hata usiku mtu hutokwa jasho, hukutana na Julai ya Mbeya hana sweta. Na palipo mnyonge hapakosi mjanja: wako vishoka wanaojipitisha milangoni, wakijidai kumjua daktari, wakachukua fedha ya mtu kwa ahadi ya kumtanguliza, kisha wasionekane tena. Mwanamke kijana aliye peke yake ana hofu nyingine juu ya hizo, ambazo sina haja ya kuzieleza kwa watu wazima.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba kila asafiriye peke yake ni mtu aliyekosa jamaa. Aghalabu ni mtu anayewakimbia hao jamaa. Sisi wa nyanda hizi twalijua jambo hilo kuliko wengine, maana upimaji wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 uliikuta mikoa ya Njombe na Iringa mbele ya mikoa yote kwa VVU, watu wazima 11 na ushei katika kila 100. Na ni wangapi kati yetu wasiojua mtu aliyeiacha kliniki iliyo hatua chache kutoka kwake, akawa anapanda basi kwenda mji mwingine kuchukua dawa, ili jirani asimwone langoni? Mtu kama huyo ukimletea jirani yake awe msindikizaji, umemfukuza kabisa. Kwake yeye msaada hauna budi kungoja kule aendako, kwa mtu asiyemjua, asiyemuuliza anaumwa nini. Ndiyo sababu nasema kazi hii ina ncha mbili, ya kutoka na ya kufikia, na ile ya kufikia labda ndiyo tuliyoisahau zaidi.

Wala sisemi jambo geni. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa simu kwa wanawake wenye fistula, ikiwapitishia mabalozi walioko mikoani, ambao huwatafuta wanawake hao majumbani walikojificha na kuwapandisha basi. Ikatambulikana kwamba tiba ya bure haimfai kitu mtu aliyeko kilomita 800 hana nauli wala wa kumwonyesha njia. Mpango wa m-mama nao, kwa namba 115 isiyotozwa kitu, huwatumia hata madereva wa kawaida wa vijijini kumwahisha mzazi aliye hatarini pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Na hao WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi ambao huwafuatia wenzao waliokata dawa na kuwarudisha kliniki kwa upole, wamefanya kwa miaka mingi kazi hii hii ninayoiomba. Tena kabla ya hayo yote tulikuwa na utani: Wahehe na Wangoni, ambao babu zao walipigana katika karne ya 19 hata wakachoka, leo hukutana msibani wakatumikiana na kutukanana kwa furaha. Mtani ana haki ya kuingia nyumbani kwako bila hodi. Kwa nini asiwe na haki hiyo siku aliyoletwa Iringa na rufaa?

Ninachoomba, basi, ni kwamba chama cha kuzikana kisifunguliwe siku ya jeneza tu. Kila chama, na kila jumuiya ndogondogo, na kila msikiti, na kila kikundi cha VICOBA, kitenge fungu katika michango ambayo tayari watu wanaitoa, fungu la nauli ya mtu wa pili; na pawe na zamu ya kusindikiza kama ilivyo zamu ya kuchimba kaburi, ambayo hakuna aikataaye. Anayekwenda asiwe mropokaji. Huyo hata akiwa na nguvu za punda mwacheni nyumbani. Mwanamke asindikizwe na mwanamke, ila mwenyewe akitaka vingine.

Nanyi mlio karibu na hospitali, watu wa mitaa ya Mbeya mnaoziona bahasha zile za kaki zikipita mlangoni kila asubuhi, na watu wa Makete, nanyi jirani zangu wa Iringa, kazi yenu ni ya kupokea. Majina ya kaya zilizo tayari kumlaza mgeni usiku mmoja au miwili yaandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa, naye ayafikishe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ili mgonjwa aelekezwe na mtu wa dhamana, asiokotwe na kishoka. Si lazima kuwa na kitanda cha ziada. Mkeka, blanketi, maji ya moto na mtu wa kumsalimu “kamwene” mlangoni vyatosha. Ama vijana wa bodaboda, wao wameanza bila kuombwa. Hao tuwalipe nusu siku yao, na tusiwaachie mabosi wao peke yao kuelewa.

Watauliza wengine itakuwaje mgonjwa akifia mikononi mwa msindikizaji, au akidai fedha asizostahili, au akizoea. Yatatokea, kama yanavyotokea katika mazishi, ambako wamo wanaokula mara mbili, na hatujaacha kuzikana kwa ajili yao.

Katika chama chetu jambo hili limeandikwa liwe la kwanza kikao cha Jumapili, kabla ya hesabu za rambirambi. Yule kijana wa Mafinga ameleta salamu kwamba atakuwako, na ameomba apewe zamu ya mwanzo. Mgonjwa tayari tunaye: ni mama mmoja wa nyuma ya soko, ana tarehe yake Mbeya siku ya Alhamisi, na basi linaondoka saa 11 alfajiri.