Acheni Kunyanyua Magari Makuukuu

Mtu akinunua Prado TX ya 1997 au Land Rover 110 iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wanne, kabla hajafungua hata nati moja kuangalia rangi ya oili ya difu, ushauri unakuwa umeshamfikia: linyanyue. Inchi mbili kama fedha ni kidogo, nne kama zipo, halafu funga matairi makubwa. Atausikia gerejini, atausikia kwa wenzake kazini, na akipita mjini ataona magari yaliyonyanyuliwa yakitazamwa kwa heshima ambayo la kwake halipati. Wengi wetu tumeshaamini kwamba gari la foo-wili la zamani, likiwa kama lilivyotoka kiwandani, bado halijawa gari la porini. Na kwa kuwa anayenunua gari la umri huo mara nyingi ni mtu mwenye fedha za kuhesabu, akiba yote aliyobakiza inaishia kwenye springi, spesa na matairi.

Imani hiyo ni ya uongo. Inamfilisi mtu asiye na cha kufilisiwa, na inaweka barabarani magari ambayo hayafai kupishana na basi lililojaa watu.

Tuanze na ahadi yenyewe, yaani kimo. Land Cruiser mkonga, Land Rover 110 na Suzuki Samurai zina ekseli nzima mbele na nyuma: chuma kimoja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na difu imetokeza chini yake. Kwenye njia iliyochimbwa na malori, ambako matairi yanapita mferejini na tuta linabaki katikati, kinachogonga kwanza ni hiyo difu. Sasa springi zinakaa kati ya ekseli na chasisi. Ukifunga springi ndefu unainua chasisi, bodi, viti na abiria. Difu inabaki palepale, haipandi hata milimita moja. Kinachoiinua ni tairi peke yake, nalo linaiinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka: ukitoka tairi la inchi 29 kwenda la 33, umeongeza kipenyo kwa inchi 4 na difu imepanda inchi 2. Mtu aliyelipa springi na kubakiza matairi yaleyale ameinua kila kitu isipokuwa kile kinachogonga.

Kwenye Prado TX mambo yana sura nyingine, lakini si nzuri zaidi. Difu yake ya mbele imeshikwa na chasisi, kwa hiyo ukiinua mbele inapanda kweli. Ekseli ya nyuma haikupanda. Mbele patapita, nyuma patagonga, na wakati huohuo shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa kwa pembe ambayo hazikuundiwa. Raba zinazofunika viungo vyake zinachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Baada ya hapo ni mlio wa ta-ta-ta kila unapokata kona.

Najua nitajibiwa kwamba springi ndefu zina faida, na zinayo. Tumbo la gari linapata nafasi, pua haigongi ukipanda ukingo wa korongo, na tairi kubwa linapata mahali pa kuzungukia. Wanaoshindana kwenye Rhino Charge kule Kenya wanaihitaji kila sentimita ya nafasi hiyo. Mashindano hayo yalianza 1989, na mshindi wake ni yule anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, kwa hiyo magari yanalazimika kukata mawe na makorongo moja kwa moja pale ambapo mtu mwenye akili timamu angezunguka. Fedha zinazochangwa zimesaidia kujenga uzio wa kuilinda misitu ya Aberdare. Ninayaheshimu mashindano hayo na ninawaheshimu wanaoyaunda magari yale. Lakini gari la namna hiyo limeundwa upya kuanzia ekseli, lina difu za kufunga, lina breki za kubeba uzito wake, lina mafundi wanaolisubiri jioni. Mwalimu anayetaka kufika shambani kwake Kiteto wakati wa masika anaiona picha, na kati ya vyote vilivyomo anachukua kile kinachoonekana kwa macho: urefu.

Na urefu huo una gharama ambazo hazimo kwenye bei aliyotajiwa. Chukua tena mfano wa tairi la inchi 29 kwenda 33. Gia zote zimekuwa ndefu kwa kama asilimia 14. Suzuki SJ410 ina injini ya sentimita za ujazo 970 na nguvu za farasi 45 hivi. Ikivishwa matairi hayo, gia ya mwisho inakuwa pambo, na kilima ilichokuwa ikikipanda kwa gia ya tatu kinataka ya pili. Spidomita ikisema 80 unakwenda 91. Breki nazo, ambazo hazikuguswa, zinatakiwa kukaza kwa asilimia 14 zaidi ili gari lisimame palepale liliposimama jana, na hapo bado hujahesabu uzito wa tairi lenyewe. Kwenye Land Rover 110 na Land Cruiser VX ya 80, zenye koili, pembe ya ekseli ya mbele inabadilika na usukani unaanza kuyumba kwenye mwendo wa barabara kuu. Hosi za breki zinavutika gurudumu likining'inia. Juu ya yote uzito umepanda, na gari ambalo tangu mwanzo lilikuwa refu sasa linapinduka kwa kona ambayo zamani lilikuwa likilalamika tu. Teremka Kitonga na gari hilo, keria imejaa magunia na mafuta ya breki hayajabadilishwa kwa miaka sita, halafu uniambie kama ile springi mpya inakusaidia kitu.

Anayedhani njia mbaya haipitiki bila kimo atazame historia ya mbio za Safari, ambazo zilianza 1953 na zilikuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati ambapo barabara nyingi za huku zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404, gari la familia linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi kutoka Kericho aliyewahi kufanya kazi ya kuwaokoa wenye magari barabarani, alishinda na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshakimbizwa mwaka uliotangulia ikapata misukosuko. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Nazo hazikuwa foo-wili. Magari hayo yaliimarishwa, ndiyo. Yalifungwa kinga chini ya injini na shokapu za kuvumilia. Lakini lililoyafikisha mwisho ni kwamba kila kilichokuwemo kilikuwa kinafanya kazi, na aliyeshika usukani alijua kuisoma njia: wapi pana sakafu ngumu chini ya maji, wapi ashuke atembee kwanza kwa miguu. Huo ni ujuzi ambao hauuzwi kwa seti.

Au, kama mbio za zamani hazikutoshi, simama asubuhi kwenye barabara inayotoka Arusha kwenda Karatu uyatazame magari ya watalii. Hakuna magari nchini yanayofanya kazi ngumu ya porini kama yale. Yamerefushwa, paa linafunguka, yanabeba watu saba au wanane na mizigo yao hadi kwenye tope jeusi la Ndutu, leo, kesho na keshokutwa. Mengi yamevaa matairi membamba ya 7.50R16 au 235/85R16. Yakiongezwa jani la springi, limeongezwa kwa sababu ya uzito, na fundi anaweza kukuambia ni kilo ngapi. Mwenye kampuni anayehesabu kila lita ya dizeli angeshafunga matairi ya inchi 35 zamani kama yangemrudishia faida.

Basi fedha kidogo ziende wapi? Ziende kwenye kulirudishia gari kile lilichozaliwa nacho. Gari la miaka 25 au 30 ambalo halipiti mahali, mara nyingi halipiti kwa sababu ya uchovu wake lenyewe. Shokapu zimekufa, bushi zimeliwa hadi ekseli inacheza, springi zimelala. Badilisha springi zilizolala kwa springi za kipimo cha kiwandani, na gari litapanda kwa sentimita kadhaa, kwa sababu hicho ndicho kimo chake halali ambacho hukuwahi kukiona.

Kabla ya hapo, breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakizeeka huchemka kwenye mteremko mrefu, pedali ikazama. Kuyabadilisha yote ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo. Tazama masta silinda, hosi, liningi za nyuma. Kwenye Land Rover na Land Cruiser tazama ekseli ya mbele kule magurudumu yanakokatia: sili ya ndani ikifa, oili ya difu huingia kwenye grisi na beringi zinaisha kimyakimya. Chukua nyundo ugonge chasisi, hasa kama gari limeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar. Palipooza utapasikia. Nimeona magari yaliyofungwa springi mpya za bei kwenye chasisi ambayo bisibisi inapenya, na fundi aliyezifunga aliiona kutu hiyo kwa macho yake, akanyamaza, akapokea fedha.

Kupoza injini nako kuna imani potofu ya aina yake. Gari likichemka, wengi wanakimbilia kung'oa themostati na kuitupa. Injini inaendeshwa ikiwa baridi, inakula dizeli, inachakaa, na ugonjwa wenyewe uko palepale. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba: ndani kwa kutu ya maji ya bomba, nje kwa mbegu za nyasi. Ing'oe isafishwe, badilisha hosi na mikanda, rudisha themostati mahali pake. Porini, gari lililosimama kwa kuchemka limesimama, hata liwe refu kiasi gani.

Kisha kuna upepo wa matairi, kitu cha bure kabisa ambacho wenye magari yaliyonyanyuliwa wengi hawakigusi. Tairi lenye upepo wa 36 likishushwa hadi 20 linalala, unyayo wake unarefuka, na mchanga uliokuwa ukilimeza unalibeba. Hakuna springi duniani inayoweza kukupa badiliko la namna hiyo kwa dakika kumi. Unachohitaji ni kipimo na pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri, ili ujaze tena kabla ya kurudi lami, kwa kuwa tairi laini kwenye mwendo wa kasi linapata moto na kupasuka.

Nami ningependa kuona mipira ya kupumulia difu imerefushwa kwenye kila gari la porini nchini. Difu iliyokwenda mwendo mrefu imepata moto. Ukiiingiza mtoni inapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na kama tundu lake la kupumulia limeziba au liko chini ya maji, inavuta maji kupitia kwenye sili. Wiki chache baadaye oili imekuwa kama chai ya maziwa na beringi zinalia. Dawa yake ni mita chache za mpira wa mafuta na klipu, umepandishwa hadi kwenye chumba cha injini. Wapo waliofunga mkonga mrefu wa kuvutia hewa ya injini, wakaziacha difu zao zinywe maji.

Kikibaki chochote, nunua kamba nzuri ya kuvutia na uchomelewe ndoano mbili zilizoshikwa na chasisi yenyewe, mbele na nyuma, na mtu anayejua kuchomelea. Nunua koleo. Nunua ubao mnene wa kuwekea jeki, maana jeki peke yake kwenye tope huzama. Shusha keria ya chuma kama haina kazi ya kila siku. Kwa udongo mweusi unaoganda kwenye tairi hadi kashata zake zote zinapotea, minyororo ya magurudumu ya nyuma, ambayo madereva wa zamani waliijua vizuri, inafanya kazi ambayo tairi pana la bei haliifanyi.

Baada ya yote hayo, kama gari lako linasimama lipasavyo, halichemki, halivuji, na umeshalitembeza masika nzima ukakuta mahali maalumu ambapo tumbo lake linagonga kila mara, basi hapo una sababu, na kipimo unakijua. Linyanyue kwa kipimo hicho, na uweke fedha za breki kwenye hesabu hiyohiyo.

Wenye gereji ninawadai kitu kimoja. Mteja akikuletea gari la miaka 28 akataka inchi nne, mzungushe kwanza barabarani, upige breki mbele yake, ulale naye chini ya gari aione chasisi. Ukiona haifai, kataa kazi hiyo. Fedha utazipata kwenye breki, bushi na rejeta, kazi ambazo zipo tele kwenye gari lolote la umri huo, na mteja atarudi akiwa mzima.