Kutoka Marsabit Hata Lodwar

Watu wakaao Woodley, mjini Nairobi, huzisikia eropleni ndogo zikiinuka kutoka kiwanja cha Wilson, ng'ambo ya Kibera. Baadhi yake zaelekea kaskazini. Lakini ni wachache wajuao kwamba huko kaskazini iko miji miwili iliyo jirani katika ramani, na hata hivyo msafiri atokaye mmoja kwenda wa pili huenda akalazimika kuja Nairobi kwanza. Miji hiyo ni Marsabit na Lodwar.

Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa shule mwenye ramani na rula aweza kuifanya. Karibu na Ikweta kila digrii moja ni kilomita 111 hivi. Ukipima mstari ulionyoka kati ya miji hiyo utapata kama kilomita 280, yaani maili 175. Eropleni ndogo iendayo kilomita 250 kwa saa yapasa kufika kwa saa moja na dakika saba. Lakini kuruka kutoka Marsabit hata Nairobi, kisha Nairobi hata Lodwar, ni zaidi ya kilomita 900. Kwa gari, kwa njia ya Nairobi na Kitale, zapita 1,100. Mwenye kukata njia kusini ya Ziwa Turkana, kupitia Loiyangalani na Baragoi, hupunguza maili, taabu hapunguzi.

Ziwa ndilo lizuialo barabara. Angani kuna kizuizi kingine, nacho ni upepo. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana pengo lililo kama mlango, na upepo wa kusini-mashariki hupita humo kwa nguvu nyingi. Ndio uzungushao mitambo 365 ya umeme iliyojengwa upande wa Loiyangalani. Upepo huo humsukuma rubani aendaye Lodwar, na humkabili arudiye Marsabit. Tuseme wavuma kilomita 50 kwa saa nyuma yake: kwenda kutamchukua dakika 56, na kurudi, upepo ukiwa usoni, saa moja na dakika 24. Njia ni ile ile.

Dakika 28 si kitu kwa mfanyi biashara. Kwa mama aliyeshindwa kujifungua ni jambo jingine, kwa maana viwanja vingi vidogo vya huko havina taa, na eropleni iliyochelewa hata jua kuchwa hungoja asubuhi. Madaktari wa Ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye ndege zake hapo Wilson, wanazijua hesabu hizi vema.

Tena mstari ule ulionyoka hupita karibu na Mlima Kulal, wenye mita 2,285, na Marsabit yenyewe iko juu ya mlima ambao mara nyingi hufunikwa na ukungu. Tarehe 10 Aprili, mwaka 2006, ndege ya jeshi iliyotoka Nairobi ilianguka karibu na mji huo katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha makabila. Rubani mwenye busara, kabla ya kuondoka, huuliza habari za ukungu wa mlimani, kisha hujaza mafuta ya kumfikisha kiwanja kingine.