Umeme Pekee Hauzai Madini Safi

Wengi wetu, tusikiapo habari za viwanda vya Likasi na Kolwezi, huko Katanga nchini Kongo, vinavyotenga shaba katika maji ya tindikali kwa nguvu ya umeme, hudhani kwamba kadiri umeme unavyozidishwa ndivyo madini yanavyozidi kupatikana. Na dhana hiyo, kwa rai yangu, ni ghalati. Kila ioni ya shaba haina budi kulifikia bamba la kathodi ipokee elektroni 2, na maji yakienda polepole mno, tabaka lililoligusa bamba huishiwa na shaba, ukazuka unga badala ya madini mango, na haidrojeni ikaanza kufuka.

Tindikali nayo ina hukumu yake: shaba huistahimili hata ikiwa kali, bali kobalti, madini mengine yatengwayo kwa umeme, ambayo haidrojeni hushindana nayo katika kupokea elektroni, hudai maji yenye ukali hafifu, la sivyo umeme hupotea katika mapovu.

Basi ni wajibu wa serikali na wenye viwanda, kabla ya kulilia umeme zaidi, kuwafundisha vijana wa Katanga ilimu ya kemia, ili wao wenyewe wautawale mwendo wa maji na kipimo cha tindikali, badala ya kubakia wachimbaji tu.