Tusicheze na magoti ya vijana wetu

Hivi karibuni aliletwa kituoni kijana wa miaka 16, mchezaji wa timu ya mtaa. Goti lake limekwama, halinyooki, na kulikunja akae tahiyatu hawezi. Miezi miwili nyuma aligeuka ghafla uwanjani huku mguu umekita chini. Nyumbani alikandwa kwa maji ya moto, akapelekwa kwa mchuaji akavutwa mguu, na wiki iliyofuata akarudishwa uwanjani kwa sababu ya fainali. Leo anaswali juu ya kiti kama babu yake.

Ndani ya kila goti mna magegedu mawili yenye umbo la hilali, yanayopokea uzito ili mifupa isisagane. Gegedu likichanika, maumivu huwa pembeni mwa goti, uvimbe huja taratibu hadi siku ya pili, na goti hukwama au kulegea ghafla. Uvimbe ukija ndani ya saa chache, huenda ni damu na kano imekatika. Eksirei huonyesha mifupa, si gegedu. Hivyo kuambiwa mfupa ni mzima si kuambiwa umepona.

Wapo wazazi wanaosema, “Daktari, kitolewe hicho kipande arudi mpirani.” Zamani ndivyo ilivyofanyika. Lakini mwaka 1948 daktari Mwingereza, Fairbank, alionyesha jinsi goti lililotolewa gegedu linavyobadilika na kuelekea kuchakaa. Kwa kijana, la kwanza ni kulihifadhi. Ukingo wa nje hupata damu, hivyo ukichanika huweza kushonwa ukaunga. Sehemu ya ndani haina damu, na huko huenda kikapunguzwa kipande kidogo tu. Mchaniko mdogo usiokwamisha goti mara nyingi hutosha kupumzishwa na mazoezi ya misuli ya paja. Aliyeshonwa asubiri miezi 4 hadi 6, pengine zaidi, kabla ya kugusa mpira.

Siku ya kuumia aache kucheza, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, afungwe bendeji na ainue mguu. Asikandwe, asichuliwe, asivutwe. Goti lililokwama lifike hospitali siku hiyohiyo, apewe rufaa kwa bingwa wa mifupa.

Najua kipimo cha MRI na upasuaji ni ghali. Lakini mtaa unaochangishana jezi kwa jioni moja unashindwaje kumchangia aliyeumia akiwa ameivaa jezi hiyo? Viongozi wa timu na kamati za misikiti tulitazame hili. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na ametufundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe.

Kombe la fainali hukaa kabatini. Goti kijana atalihitaji kwa rukuu na sijda, swala tano kila siku, maisha yake yote.

Wabillahi tawfiq.